Sura ya Tisa: Chungu katika Bustani ya Shule

Katika sura iliyotangulia tulijifunza habari za wadudu kwa jumla. Tuliona kwamba kila mdudu ana miguu sita, na kwamba mwili wake umegawanyika katika sehemu tatu. Sasa tutajifunza habari za mdudu mmoja ambaye kila mtu amemwona, lakini ni watu wachache waliomchunguza kwa makini. Mdudu huyo ni chungu.

Tuseme kwamba shule yenu iko Kitaya, katika Mkoa wa Mtwara, karibu na bonde la mto Ruvuma. Mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu pana uwanja mdogo wa ukoka, na kando yake pana matuta ya waridi na yasmini. Nyuma ya madarasa mmepanda mchicha, bamia na kunde. Mpakani mwa shule ipo mikorosho. Darasa la tano limepewa kazi ya kuitunza bustani hiyo.

Baada ya mvua za kwanza mnaona vilima vidogo vya mchanga vimetokea katika ukoka. Mbegu za mchicha mlizozipanda jana zinachukuliwa moja moja. Machipukizi ya waridi yamejikunja, na chungu wanapanda na kushuka juu ya shina mchana kutwa. Mwanafunzi mmoja anasema, "Mwalimu, tuwamwagie dawa wafe wote." Mwingine anasema, "Nyumbani babu hutukataza kuwaua majimoto walio katika mikorosho."

Ni yupi kati yao anayesema kweli? Hatuwezi kujibu kabla ya kuchunguza. Mtu wa sayansi hutazama kwanza, halafu hufikiri, halafu hujaribu, ndipo hutenda.

Mwili wa chungu

Mtazame chungu mmoja kwa kutumia lenzi ya mkono. Utaona kichwa, kifua na tumbo. Kati ya kifua na tumbo pana kiuno chembamba sana. Kichwani mna macho, taya mbili zenye nguvu, na vipapasio viwili vilivyopinda kama kiwiko cha mkono. Chungu hutumia vipapasio hivyo kunusa na kugusa. Miguu yake yote sita imeshikamana na kifua.

Watu wengine humchanganya chungu na mchwa. Wadudu hawa wawili si wa ukoo mmoja. Chungu ni jamaa wa nyuki na nyigu, lakini mchwa ni jamaa wa mende. Tunaweza kuwatofautisha hivi:

1. Kiuno cha chungu ni chembamba. Mchwa hana kiuno kinachoonekana.
2. Vipapasio vya chungu vimepinda. Vipapasio vya mchwa vimenyooka kama ushanga uliotungwa.
3. Chungu wenye mabawa wana mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi, ambao ni mchwa wenye mabawa, wana mabawa manne yaliyo karibu sawa.
4. Mchwa hula miti, majani makavu na karatasi. Chungu hawali miti. Wengi wao hula wadudu, mbegu, mafuta na vitu vitamu.

Tofauti hizi ni muhimu kwa mtunza bustani. Dawa inayofaa kwa mchwa huenda isifae kwa chungu, na mtu asiyemjua adui yake hupoteza nguvu zake bure.

Maisha ya kundi

Chungu hawaishi peke yao. Huishi katika makundi, na kila kundi lina kazi zilizogawanywa. Katika kundi yumo malkia, ambaye kazi yake ni kutaga mayai. Aina nyingine za chungu zina malkia mmoja tu katika kundi, na nyingine zina malkia wengi. Wafanyakazi ndio wengi zaidi. Wote ni majike, lakini kwa kawaida hawazai. Wao hutafuta chakula, huchimba vyumba na njia katika ardhi, huwalisha watoto, na hulinda makao. Madume huonekana kwa muda mfupi tu.

Mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba katika pwani ya Mtwara, huenda ukaona chungu wenye mabawa wakiruka kutoka katika matundu yao. Hao ni madume na malkia vijana. Hukutana, kisha madume hufa. Malkia hukata mabawa yake mwenyewe, hutafuta mahali pa kujificha, na huanza kutaga mayai ya kundi jipya.

Yai la chungu hutoa buu, mweupe, asiye na miguu. Buu hulishwa na wafanyakazi mpaka akue. Halafu huwa pupa, na hatimaye hutoka chungu kamili. Kwa hiyo chungu hupita katika hatua nne: yai, buu, pupa na mdudu kamili. Vile vitu vyeupe ambavyo chungu hubeba mdomoni wanapohama mara nyingi si mayai, bali ni mabuu na pupa. Udongo ukijaa maji, wafanyakazi huwahamisha watoto hao kwanza kabla ya kujiokoa wenyewe.

Zingatia jambo hili: chungu unaowaona juu ya ardhi ni sehemu ndogo tu ya kundi. Ukiwaua mia moja walio njiani, malkia angali chini anataga mayai mengine.

Njia ya chungu

Kwa nini chungu hufuatana katika mstari mmoja? Chungu aliyepata chakula hurudi nyumbani huku akigusisha tumbo lake chini. Huacha harufu ambayo sisi hatuwezi kuinusa. Wenzake huinusa kwa vipapasio, huifuata hadi kwenye chakula, nao huongeza harufu yao wanaporudi. Chakula kikiisha, hawaongezi tena, na harufu hupotea polepole.

Jaribio la 1: Kuchunguza njia ya chungu

Vifaa: karatasi nyeupe, kijiko kimoja cha sukari, kitambaa, maji ya sabuni.

Namna ya kufanya:
1. Tandaza karatasi chini, hatua moja kutoka kwenye tundu la sisimizi. Weka mawe madogo kwenye pembe ili upepo usiipeperushe.
2. Weka sukari upande wa karatasi ulio mbali na tundu.
3. Ngoja mpaka sisimizi waipate sukari na kufanya mstari.
4. Chora kwa penseli mahali wanapopita juu ya karatasi.
5. Sasa lowesha kitambaa kwa maji ya sabuni, kikamue, na upanguse upana wa vidole viwili katikati ya njia yao.
6. Tazama kwa muda wa dakika kumi.

Uliona nini? Sisimizi walifanya nini walipofika mahali palipopanguswa? Je, waliipata njia tena? Baada ya muda gani? Andika majibu yako katika daftari.

Aina za chungu tunaowafahamu

Wanasayansi wameorodhesha aina zaidi ya 13,000 za chungu duniani. Sisi tutataja makundi manne ambayo mwanafunzi wa pwani ya kusini anaweza kuyaona bila kwenda mbali.

Sisimizi. Hawa ni chungu wadogo wanaoingia majumbani kutafuta sukari na makombo. Bustanini huchimba katika udongo wa kichanga, na hutoa mchanga nje ya matundu yao. Aina nyingine hukusanya mbegu ndogo na kuziweka ghalani chini ya ardhi.

Chungu wenye vichwa vikubwa. Hawa ni wadogo, wa rangi ya kahawia. Katika kundi lao wamo wafanyakazi wa kawaida na askari. Askari ana kichwa kikubwa kuliko sehemu nyingine za mwili wake, na hukitumia kukata chakula kigumu na kupigana. Hupenda kuishi katika udongo, hasa kwenye mashina ya miti. Asili yao ni bara la Afrika, lakini kwa kusafiri katika mizigo na miche wameenea katika nchi nyingi za joto duniani.

Siafu. Hawa ni wekundu au weusi, wenye taya kali. Husafiri kwa msafara mrefu wenye chungu mamilioni. Wafanyakazi wao hawaoni. Huongozwa na harufu na mguso. Hawana makao ya kudumu kama sisimizi, bali huhama mara kwa mara. Siafu wakipita ndani ya nyumba, mende, kunguni na panya hukimbia au huliwa. Kwa sababu hiyo watu wengi huondoka nyumbani kwa saa chache na kuwaacha wapite. Lakini kuku waliofungiwa bandani na mtoto mchanga aliyelala wanaweza kudhurika. Hapana budi waondolewe mara msafara unapoonekana.

Majimoto. Hawa ni chungu wa rangi nyekundu au kahawia, wenye miguu mirefu, waishio juu ya miti kama mikorosho, miembe, michungwa na minazi. Huuma kwa taya, halafu hunyunyiza asidi kali kwenye jeraha. Ndiyo maana wameitwa majimoto. Makao yao hujengwa kwa majani mabichi. Wafanyakazi hujipanga safu na kuyavuta majani mpaka yakaribiane. Wenzao huwaleta mabuu midomoni. Buu hutoa uzi laini, na mfanyakazi humpeleka huku na huko kati ya majani mawili kama fundi anayeshona. Kundi moja linaweza kuwa na viota vingi katika miti kadhaa, lakini malkia hukaa katika kiota kimoja tu.

Kwa nini chungu huja bustanini?

Chungu hawaji bustanini kula maua. Yako mambo matatu yanayowaleta.

Jambo la kwanza ni makao. Udongo laini wa tuta au wa uwanja wa ukoka ni rahisi kuchimbwa. Vilima vya mchanga huufanya uwanja usipendeze, na mara nyingine mizizi ya miche michanga hubaki hewani ikakauka. Lakini matundu hayo yana faida pia: huingiza hewa na maji ya mvua ndani ya ardhi.

Jambo la pili ni chakula cha kawaida: mbegu na wadudu. Chungu hubeba mbegu ndogo za mchicha na za nyasi. Pia huwaua viwavi na kula mayai ya wadudu wengi waharibifu.

Jambo la tatu ndilo kubwa kwa mtunza maua. Litazame jani la waridi au shina la kunde upande wa chini. Huenda ukaona wadudu wadogo sana, weusi au wa kijani, waliosongamana wasitembee. Hao ni vidukari. Kidukari huchoma mmea kwa mdomo ulio kama sindano na kufyonza utomvu wake. Utomvu una sukari nyingi kuliko mahitaji yake, naye hutoa sukari iliyozidi katika matone matamu. Chungu hupenda sana matone hayo. Huwagusa vidukari kwa vipapasio vyao ili watoe zaidi, na huwafukuza wadudu wanaokula vidukari, kwa mfano mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi. Kama mfugaji alindavyo ng'ombe wake ili apate maziwa, ndivyo chungu anavyowalinda vidukari.

Basi mmea ukinyauka na chungu wakawa wengi juu yake, usifikiri mara moja kwamba chungu ndio wanaoufyonza. Mwenye kosa la kwanza ni kidukari, na chungu ni mlinzi wake.

Jaribio la 2: Je, chungu huwalinda vidukari?

Vifaa: mimea miwili ya kunde yenye vidukari, karatasi ngumu, uzi, grisi au ulimbo wa fenesi, daftari.

Namna ya kufanya:
1. Chagua mimea miwili yenye vidukari vinavyokaribiana kwa idadi. Hesabu vidukari katika chipukizi moja la kila mmea na uandike.
2. Mmea wa kwanza uache kama ulivyo. Uite A.
3. Mmea wa pili uite B. Wapanguse chungu walio juu yake. Funga ukanda wa karatasi kuzunguka shina lake, halafu paka grisi au ulimbo juu ya karatasi. Usipake kwenye shina lenyewe.
4. Hakikisha kwamba majani ya mmea B hayagusi mmea mwingine wala nyasi. Chungu wakipata daraja, jaribio limeharibika.
5. Hesabu vidukari kila siku, saa ile ile, kwa muda wa siku saba. Andika pia wadudu wengine unaowaona.

Fanya jedwali lenye safu tatu: siku, vidukari wa mmea A, vidukari wa mmea B. Mara nyingi vidukari wa mmea usiofikiwa na chungu hupungua, kwa sababu adui zao wanapata nafasi ya kuwala. Je, hesabu yako inaonyesha hivyo? Kama sivyo, jadilini sababu. Kwa nini tulihitaji kuuacha mmea A bila kuufanyia lolote?

Majimoto na mikorosho

Sasa tuyarudie maneno ya yule mwanafunzi wa pili. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, korosho ni zao kubwa la biashara. Katika nyumba nyingi fedha za korosho ndizo zinunuazo sare, madaftari na bati. Kwa hiyo jambo linalouhusu mkorosho linaihusu jamii nzima.

Mkorosho una adui anayeitwa mbu wa mikorosho. Si mbu anayeuma watu. Ameitwa hivyo kwa sababu ni mwembamba, mwenye miguu mirefu, na mdomo wa kuchomea. Huchoma machipukizi na maua machanga, na kutia mate yenye sumu. Machipukizi hugeuka meusi na kukauka kana kwamba yameunguzwa na moto, na mti hukosa matunda. Yuko pia mbu wa minazi, ambaye huchoma nazi changa zikaanguka kabla ya kukomaa, na huchoma pia korosho changa.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950, mtaalamu wa wadudu M. J. Way alichunguza minazi ya Unguja iliyokuwa ikipoteza nazi changa. Aligundua kwamba minazi yenye majimoto wengi haikudhurika sana, kwa sababu majimoto waliwafukuza na kuwala mbu wa minazi. Aligundua pia kwamba chungu wenye vichwa vikubwa waliokaa chini ya minazi waliwazuia majimoto wasikae katika miti hiyo. Mwaka 1955 mbu wa minazi alipewa jina la kisayansi Pseudotheraptus wayi. Neno la mwisho limetokana na jina la mtaalamu huyo.

Uchunguzi uliendelea katika bara. Karibu na mji wa Mtwara kipo Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, kinachoshughulikia korosho pamoja na mazao mengine. Katika miaka ya 2010 watafiti wa Tanzania waliwajaribu majimoto katika mashamba ya mikorosho. Waliona kwamba katika miti yenye majimoto wengi, machipukizi yaliyoharibiwa na mbu yalikuwa machache.

Maarifa haya si mapya duniani. Huko China ya kusini, kitabu kinachosemekana kiliandikwa mwaka 304 kinaeleza kwamba watu waliuza sokoni viota vya chungu wa namna hii ili viwekwe katika michungwa. Hata leo wakulima wengine hufunga kamba kutoka mti hadi mti, ili majimoto wapate njia ya kupita bila kushuka chini, ambako chungu wenye vichwa vikubwa huwashambulia.

Basi mwanafunzi wa pili anasema kweli. Babu yake hakusoma katika maabara, lakini alitazama mti wake kwa miaka mingi. Hata hivyo, majimoto nao wana udhia wao: huwauma wapogoaji na wachumaji wa matunda. Tena katika miti mingine wao pia hulinda wadudu wanaotoa matone matamu. Mdudu yule yule anaweza kuwa rafiki mahali pamoja na msumbufu mahali pengine.

Namna ya kushughulika na chungu bustanini

Kabla ya kufanya lolote, jibu maswali matatu. Ni chungu wa aina gani? Amefuata nini? Anadhuru kitu gani hasa? Kama chungu wamo katika pembe ya bustani na hawadhuru chochote, waache. Kama wanadhuru, fanya kama ifuatavyo.

Katika ukoka. Vilima vya mchanga vikauke kwanza, kisha vitawanye kwa fagio au reki. Usivikanyage vikiwa vimelowa, maana udongo utashikamana na kufunika majani. Mwagilia uwanja wakati wa kiangazi. Sisimizi wengi hupenda udongo mkavu na huhama unapolowa mara kwa mara. Watu wengine humwaga maji yanayochemka ndani ya tundu. Njia hiyo huua chungu baadhi, lakini huua pia mizizi ya ukoka, na inaweza kumwunguza mtoto. Ikiwa hapana budi itumike mahali pasipo na mimea, ifanywe na mtu mzima.

Katika matuta ya maua. Washughulikie vidukari kwanza. Kata machipukizi yaliyojaa vidukari na uyafukie. Yaliyobaki yapanguse kwa vidole au yaoshe kwa maji. Unaweza pia kuyeyusha kipande kidogo cha sabuni ya kufulia katika lita moja ya maji, na kunyunyiza upande wa chini wa majani wakati wa jioni, jua likiwa limepungua. Asubuhi yaoshe majani kwa maji safi. Vidukari wakiisha, chungu hawana tena sababu ya kupanda. Kata pia matawi na magugu yanayofanya daraja kutoka tuta moja hadi jingine.

Katika kitalu. Panda mbegu katika masanduku yaliyowekwa juu ya meza. Weka kila mguu wa meza ndani ya kopo lenye maji. Chungu hawawezi kuyavuka maji hayo. Badilisha maji kila baada ya siku tatu, la sivyo mbu watazaliana humo. Hakikisha meza haigusi ukuta. Kama hamna meza, fukieni mbegu kwa udongo laini na kuzifunika kwa nyasi kavu mpaka ziote. Kuzunguka tuta nyunyizeni mstari mwembamba wa majivu makavu. Mvua ikinyesha, rudieni. Msirundike majivu kwenye mashina ya miche, kwa maana majivu mengi huiunguza.

Katika ardhi tupu kabla ya kupanda. Lima kwa kina na kurudia baada ya siku chache. Kundi linalovurugwa mara kwa mara mara nyingi huhamia mahali pengine.

Hatari ya sumu

Yule mwanafunzi wa kwanza alitaka dawa. Inafaa tujue sumu hufanya nini. Sumu inayomwagwa juu ya ardhi haichagui. Huua chungu, na pia nyuki wanaochavusha maua, buibui, na mbawakavu wanaokula vidukari. Baada ya siku chache vidukari huweza kurudi kwa wingi kuliko mwanzo, kwa sababu walinzi wa bustani wamekwisha kufa. Kuku anayedonoa wadudu waliokufa kwa sumu hudhurika. Mvua huichukua sumu na kuipeleka mabondeni, kisha mtoni. Maji ya Ruvuma huingia katika mashamba ya mpunga, na hatimaye hufika kwenye mikoko ya mlango wa mto, mahali ambapo samaki wachanga na kamba hukulia.

Zamani sumu kama DDT, aldrini na dildrini zilitumiwa sana dhidi ya wadudu. Baadaye iligunduliwa kwamba hukaa katika udongo kwa miaka mingi, na hukusanyika katika mafuta ya miili ya wanyama na watu. Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana kwa Mkataba wa Stockholm kuzikomesha aldrini na dildrini, na kuizuia DDT isitumiwe ila katika kupambana na wadudu waenezao magonjwa.

Kwa hiyo mwanafunzi asishike wala asichanganye sumu ya wadudu, na asitumie kopo la sumu kutekea maji, hata likiwa limeoshwa. Mkulima mwenye shida kubwa amwone bwana shamba au bibi shamba, ambaye atamshauri.

Mambo ya kukumbuka

1. Chungu huishi katika makundi yenye malkia, wafanyakazi na madume.
2. Chungu hupita katika hatua nne: yai, buu, pupa na mdudu kamili.
3. Chungu hufuata harufu iliyoachwa na wenzao.
4. Chungu wengi juu ya mmea ni dalili ya kuwapo vidukari. Ondoa vidukari, na chungu wataondoka.
5. Majimoto huilinda mikorosho na minazi dhidi ya mbu wake.
6. Tumtambue mdudu kwanza, ndipo tuamue kumwacha, kumzuia au kumwondoa.

Maswali

1. Taja tofauti tatu kati ya chungu na mchwa.
2. Kwa nini kuua chungu walio njiani hakumalizi kundi?
3. Eleza jinsi majimoto wanavyoshona majani. Ni nani anayetoa uzi?
4. Chungu hupata faida gani kutoka kwa vidukari? Vidukari hupata faida gani kutoka kwa chungu?
5. Mkulima mmoja amepiga dawa ya sumu katika mikorosho yake ili awaondoe majimoto. Mwaka uliofuata machipukizi yake yamekuwa meusi na kukauka. Eleza jambo linaloweza kuwa limetokea.
6. Kwa nini maji ya kwenye makopo ya miguu ya meza yabadilishwe mara kwa mara?

Kazi ya nyumbani

Mwulize mzee mmoja wa kijijini kwenu majina ya chungu anaowafahamu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, na jinsi watu wa zamani walivyoshughulika nao. Andika majibu yake katika daftari. Halafu tembelea mkorosho mmoja wenye majimoto na mwingine usio nao. Bila kuugusa mti, hesabu machipukizi ishirini katika kila mmoja, na uandike ni mangapi yamekauka. Leta hesabu yako darasani. Mkiunganisha hesabu za wanafunzi wote, mtaweza kuona kama mikorosho ya kijiji chenu inakubaliana na yale mliyoyasoma katika sura hii.